Kisanduku Kilichogeuza Sauti

Ya Chantal, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa, alinipigia simu Jumapili mchana, akiwa saluni kwake Turffontein, Johannesburg, na nyuma yake nilisikia mashine ya kukaushia nywele na watoto wakizozana kwa Kizulu. Hakusalimia. Alisema, "Mdogo wangu, ule Mwalimu wenu amekufa. Mwalimu Hamza. Kule kwao Tanga. Wateja wangu Watanzania ndiyo wamenileteya habari." Nikamsomea Mwalimu dua kimoyomoyo, nikaketi chini sakafuni simu ikiwa bado sikioni. "Sasa unaweza kusema," Ya Chantal akaendelea. Nikamuuliza niseme nini. "Unajua wewe mwenyewe. Mimi nimefunga mdomo miaka yote hii, na unanijua, mimi si mtu wa kufunga mdomo." Alipokata simu nilibaki nikisikiliza ukimya uliobaki kwenye kifaa, kama ninavyosikiliza ukimya wa kila kifaa tangu mwaka ule. Wengine wakisikia ukimya huona hakuna kitu. Mimi huwa nangoja mtu aanze kuongea humo ndani.

Mwaka wenyewe ni 2019. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nikiishi Joubert Park katika ghorofa ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla sijafika, na shimo lake lilitumika kupitisha waya za umeme na za antena kutoka juu hadi chini. Nyumba yetu ilikuwa na sebule, korido ndefu, jiko na chumba kimoja cha nyuma. Sebule ilitandikwa mikeka na ndiyo iliyokuwa madrasa ya watoto mchana, na kila Alhamisi baada ya Magharibi wanaume wa Kitanzania waliokaa karibu walikuja kusoma uradi wakiongozwa na Mwalimu Hamza. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Bi Mwanakombo, mwenye nyumba, na Alhamisi kilikuwa chumba cha wanawake. Dirisha lake lilitazama ukuta wa ghorofa la pili kwa karibu sana, kiasi kwamba bomba la maji machafu la majirani lilikuwa ndilo mandhari yake. Mimi nililala koridoni, nyuma ya pazia, na meza yangu ya kazi ilikuwa ubao uliolazwa juu ya ndoo mbili. Nguo zangu zote zilinuka mchanganyiko wa moshi wa risasi ya kuchomelea na tui la kopo, kwa sababu jiko lilikuwa upande wa pili wa pazia hilohilo.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni haya kusema. Umeme nilijifunza mwenyewe kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa kutazama video za watu ambao lugha yao nilielewa nusu. Kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kuniambia "hapo inatosha", sikuwahi kujua lini inatosha. Nilichomelea kiungo, nikakikagua kwa kioo cha kukuzia, nikakifumua, nikakichomelea tena. Nikikilaza kichwa kwenye spika na kusikia mvumo mdogo ambao hakuna mwingine aliyeusikia, sikuweza kula. Bi Mwanakombo alikuwa akiniletea wali na maharage, akikuta sahani ya awali bado imejaa, na kusema, "We Salha, hizo nyaya zako zinashiba, wewe je?"

Kisanduku nilikitengeneza kwa ajili yake. Chumbani kwa wanawake palikuwa na spika moja tu, iliyoletewa sauti kwa waya mrefu kutoka kwenye amplifaya ya sebuleni, na sauti ilifika imechoka, kama mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. Nikaunda priamp, yaani kifaa kidogo kinachoichukua sauti dhaifu ya maiki na kuinyanyua kabla haijaingia kwenye amplifaya. Nilikifunga ndani ya bati la biskuti, na transfoma yake niliitoa kwenye redio mbovu. Sauti ya Mwalimu Hamza ikaanza kufika chumbani nzima, pamoja na pumzi zake. Wanawake walifurahi. Lakini kila nilipokiwasha, kabla umeme haujatulia ndani ya saketi, spika ya chumbani ilitoa kishindo: bumu. Na umeme ulipokatika, na mwaka ule ulikatika sana, bumu jingine. Sebuleni hawakusikia lolote, kwa hiyo kwa wanaume tatizo hilo halikuwepo. Chumbani, kila bumu lilipotoka, Bi Mwanakombo alishika kifua na uso wake ukawa wa kijivu. Alikuwa na ugonjwa wa moyo. Niliposema nitaiondoa spika, alinikatalia kwa ukali. Ngazi za ghorofa lile zilikuwa zimeshamshinda, hakutoka tena, na Alhamisi ndiyo ilikuwa dunia yake iliyobaki.

Basi nikaanza kutafuta namna ya kukinyamazisha. Nilijifunza kuhusu rilei, swichi ndogo inayogeuzwa na sumaku yake yenyewe. Ukiiweka kwenye njia ya kutokea sauti, inaimwaga sauti yote ardhini mpaka saketi itulie, ndipo inaiachia. Na umeme ukipungua tu, inaikamata tena kabla ya kishindo. Nilinunua mbili kwa Mpakistani mmoja wa karibu na Park Station, moja ya akiba, kwa kuwa nilijua nitaiunguza ya kwanza. Sikuiunguza. Alhamisi iliyofuata nilikaa sakafuni kando ya kitanda cha Bi Mwanakombo. Kisanduku kikawashwa sebuleni. Kimya. Kisha tik, mlio mdogo kama ukucha ukigonga glasi, na sauti ya Mwalimu ikaingia chumbani taratibu.

"Mbona leo hakikugonga?" akauliza Bi Mwanakombo.

"Nimekifundisha adabu, Bi."

"Kumbe bati la biskuti linafundishika kuliko Bakari," akasema, na wanawake wakacheka. Bakari alikuwa mlinzi wa duka moja Hillbrow, mtu mwema, mwenye sauti ya kutangazia mnada, na utani wa Bi Mwanakombo ulimwangukia yeye kila siku.

Furaha yangu haikumaliza jioni ile. Umeme wa jengo letu ulikuwa dhaifu, na mtu akiwasha jiko la umeme, taa zote zilififia. Watu wa sebuleni walikuwa wamefika kwenye uradi wa sauti moja, la ilaha illa Allah, la ilaha illa Allah, mtu jikoni akabandika chai, umeme ukalegea, na rilei yangu ikafanya kile nilichoiamuru. La ilaha, tik. Kimya. Wasomaji wanaoyajua maneno haya wataelewa kwa nini chumba kizima kilishikwa na baridi. Nusu ya kwanza inakana, nusu ya pili ndiyo inayothibitisha, na tangu utotoni tunafundishwa kwamba hapo katikati hapakomewi. Tulikuwa tumebaki na kukana peke yake, pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Mama mmoja alianza kulia. Nilitamani sakafu inimeze. Ndipo Bi Mwanakombo, kwa sauti ya chini, akiwa amefumba macho, akasema, "Illa Allah." Akafumbua macho akanitazama. "Mashine haijui pa kukomea. Mimi najua. Hebu nitengenezee mimi kikatio changu, nikishike mwenyewe."

Nilifanya hivyo. Rilei ya kwanza niliirekebisha isishtukie kila kulegea kwa umeme. Ile ya akiba niliifunga kwa ajili yake, na kutoka kwenye kisanduku nikavuta waya wa simu wa zamani, wenye nyuzi nne ndani, hadi kitandani, mwisho wake kikiwa kifungo cha kubonyeza nilichokitoa kwenye kengele ya mlango. Akitaka kulala alibonyeza, spika ikanyamaza. Akibonyeza tena, ikarudi. Alikipenda kifungo kile kama watu wanavyopenda tasbihi.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tano, baridi imeanza, wanawake wengine wameshaondoka. Ya Chantal alikuwa amepanda kutoka ghorofa ya chini kumsuka Bi Mwanakombo. Alikuwa Mkristo kutoka Bukavu, alikuwa akija kila Alhamisi kwa sababu alizipenda kaimati, na alipenda kusema kwamba Waislamu wanasali vizuri ila chai wanatia sukari kupita kiasi. Mimi nilikuwa sakafuni na sahani ya kaimati mapajani. Uradi ulikuwa umekwisha, lakini sebuleni hakuna aliyezima maiki. Kupitia spika tulisikia viatu, vikombe, mtu akikohoa. Halafu Bakari:

"Rashidi kapiga simu tena. Kasema na daktari. Daktari kasema moyo umechoka, hauumalizi mwaka huu."

"Shusha sauti," akasema Mwalimu Hamza.

"Wako mwisho wa korido, Mwalimu, mlango umefungwa. Rashidi anataka mamake arudishwe Tanga akazikwe kwao. Na asiambiwe lolote, tumeshamuahidi. Kusema kweli marehemu alikuwa mtu wa watu, hatuwezi kumwacha huku ugenini."

"Marehemu nani?"

"Astaghfirullah. Namaanisha Bi Mwanakombo."

Niliinuka kukitafuta kifungo juu ya blanketi, nikakiona kiko mkononi mwake. Kidole gumba kilikuwa kimelala juu yake. Hakubonyeza. Niliinua macho kumtazama usoni, na uso ule naujua mpaka leo: haukuwa na hofu wala huzuni, ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi yake. Mikono ya Ya Chantal ilikuwa imesimama hewani. "Yesu wangu," akanong'ona.

"Endelea kusuka, Chantal," akasema Bi Mwanakombo. "Nisije nikafa na nusu kichwa."

Sebuleni waliendelea, nani atazungumza na ubalozi, nani atasafiri na jeneza. Walimzungumzia kana kwamba chumba chetu kilishakuwa kitupu. Nimesoma hadithi za mizimu inayowazungumzia walio hai, lakini jioni ile ilikuwa kinyume chake: sisi watatu tuliokuwa tukipumua tulikaa kimya, na mle ndani ya spika watu walikuwa wakiishi wakati ambao Bi Mwanakombo hayumo. Walipoondoka, alibonyeza kifungo. Tik. "Msimwambie mtu," akatuambia. "Wamenificha kwa mapenzi. Wakijua nimesikia watakufa kwa aibu kabla yangu, na watakuwa wananikwepa. Mimi sitaki kufa nikiwa nakwepwa."

Toka siku hiyo ikawa desturi. Alhamisi baada ya uradi, wanawake wakishatoka na wanaume wakisahau tena kuzima maiki, sisi watatu tulikaa kusikiliza mazishi yake. Najua neno "kusikiliza" halitoshi. Aliyafuata kama watu wanavyofuata mchezo wa redio, akaweka na maneno yake katikati. Bakari aliposema jeneza liwe la mbao ngumu, alisema, "Huyo anataka nisitoke." Mwalimu aliposema Bi Mwanakombo alikuwa na subira, alisema, "Subira gani? Hajaniona nikigombana na wauza mkaa." Ya Chantal alicheka hadi akaziba mdomo kwa khanga. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda koridoni, nikakaa nyuma ya pazia langu. Nilikuwa nimekitengeneza kisanduku kile ili moyo wake usishtuke. Sasa nilikuwa nauona ukishtuka kila wiki, kwa sauti safi kabisa, isiyo na mvumo, niliyoifanyia kazi kwa miezi.

Kitu ambacho hakukicheka kilikuwa neno moja: Tanga. Kila lilipotajwa alikaza kidole gumba, bila kubonyeza. Siku moja ya juma, mchana, nikimmenyea chungwa, aliniambia sababu. Zamani, kabla wanaume hawa hawajafika mjini, alikuwa na binti hapa, Mwajuma. Alimzika Johannesburg, upande wa Waislamu wa makaburi ya kusini, na hakumwambia mtu mahali penyewe kwa kuwa kila aliyekuja baadaye alikuja na misiba yake. "Tanga nina mwanangu Rashidi, nina kaka, nina mashamba, nina kila kitu," akasema. "Hapa nina mtu mmoja, na yuko peke yake. Nani atamwacha mtoto peke yake ugenini akarudi kwao?"

Nilimwambia azungumze na Mwalimu. Akajaribu. Mwalimu alikuja kumjulia hali Ijumaa baada ya swala, akaketi kwenye kiti karibu na mlango, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma, na mimi nilikuwa nikipanga dawa dirishani. Bi Mwanakombo akaanza, "Mwalimu, siku nikifa..." Hakumwacha amalize. "Wewe utatuzika sisi sote, Bi Mwanakombo. Hii chai ina tangawizi, ee? Nani kaipika?" Niliona jasho kwenye paji lake. Alikuwa ameahidi, na hakuwa mwongo mzuri. Bi Mwanakombo akarudia mara nyingine, kwa njia ya kuzunguka, na tena akaambiwa atapona, atacheza ngoma harusini kwangu. Baada ya mlango kufungwa alikaa muda mrefu akilitazama bomba la ukutani.

"Salha," akasema. "Mimi nawasikia wao. Wao hawawezi kunisikia mimi?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza swali. Ile rilei ya pili, ya kifungo chake, ilikuwa na pande mbili zinazogeuka pamoja, na mimi nilikuwa nimetumia upande mmoja tu. Waya wa simu ulikuwa na nyuzi mbili zilizokaa bure. Juu ya rafu ya misahafu sebuleni palikuwa na spika ndogo iliyoachwa kutumika kwa sababu ilikuwa ikipiga mluzi karibu na maiki. Ningeweza kufunga kimaiki cha simu mbovu kitandani kwake, na akibonyeza kifungo, badala ya ukimya, kila kitu kigeuke: maiki ya sebuleni ife, sauti yake ndiyo iingie kisandukuni, itokee kwenye spika ile ya rafuni.

"Inawezekana," nikasema. "Lakini wataona ni makusudi."

"Si wataona kisanduku kimeharibika? Vyombo haviharibiki?" Akatabasamu. "Watakuwa wamesikia kwa bahati mbaya, kama mimi nilivyosikia. Hakuna aliyefumaniwa na hakuna aliyevunja ahadi. Na Mwalimu atakuwa amesikia wasia kwa masikio yake, mbele ya mashahidi. Hilo hata Rashidi hawezi kulipinga."

Hapa inabidi niseme kilichokuwa kikinitafuna. Wiki zile, watu wa kamati ya ukumbi mmoja wa Turffontein walikuwa wamesikia habari za kisanduku changu, na Mwalimu alikuwa amewaambia kuna binti Joubert Park anayetengeneza sauti safi kuliko ya dukani. Walitaka kuja kukiona, halafu wanipe kazi ya ukumbi mzima. Kwa mtu kama mimi, aliyejifunza akiwa nyuma ya pazia, hiyo haikuwa kazi tu. Ilikuwa ni mtu kuniambia, hatimaye, kwamba inatosha. Na Bi Mwanakombo alikuwa akiniomba nikiharibu kisanduku changu hadharani, kwa mkono wangu, kisha ninyamaze. Nilimuuliza kama hakuna njia nyingine. Alinijibu kwa upole sana, "Kama ipo, mwanangu, niambie." Haikuwepo.

Niliifanya kazi mchana, watoto wa madrasa wakikariri sebuleni, Ya Chantal akiwa amesimama mlangoni kama mlinzi. "Harakisha, mdogo wangu, niko na kichwa cha mtu kule chini, dawa itamuunguza," alikuwa akisema kila mara. Viungo vile ndivyo bora kuliko vyote nilivyopata kuchomelea. Niliing'arisha kasoro ile kama kito.

Alhamisi ilipofika tulikubaliana kwamba mimi niwe sebuleni nikipeleka chai, ili nione. Uradi ukaisha. Bakari, Mwalimu na wengine wachache walibaki, na kama kawaida Bakari akaanza, "Sasa lile suala la ndege..." Tik. Kutoka juu ya rafu ya misahafu, mahali ambapo kwa muda mrefu hapakutoka sauti yoyote, mtu akavuta pumzi.

"Chantal, taratibu hapo, panauma," ikasema sauti ya Bi Mwanakombo.

Kikombe cha Bakari kikasimama njiani. Sote tukainua macho kwenye rafu. Nilijua kilichokuwa kinatokea, nimekitengeneza mwenyewe, na bado nywele zilinisimama. Sauti ilikuwa karibu mno, haikuwa ya mtu aliye mwisho wa korido. Ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuondoka mwilini akakaa juu yetu.

"Nakwambia wewe," sauti ikaendelea, "kwa kuwa wenzangu nikiwaambia wananinyamazisha. Mimi najua nilivyo. Hakuna aliyeniambia, mwili wangu mwenyewe umeniambia. Siku yangu ikifika, nisipandishwe ndege. Mwanangu Mwajuma yuko hapa, makaburi ya kusini, kaburi lake liko karibu na ukuta wa mawe, lina kibao cha kijani. Nataka nilale naye. Ningependa Mwalimu Hamza aniswalie, na Bakari asinililie kwa sauti yake ile, atawaamsha waliokwisha lala."

"Mama, nitawaambia mimi," ikasema sauti ya Ya Chantal.

"Usiwaambie. Watahuzunika."

Bakari alikurupuka kwenda kukizima kisanduku. Mwalimu Hamza alimshika kifundo cha mkono. "Acha," akasema. "Huu ni wasia." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Tulisimama hivyo, wanaume na mimi na sinia langu, tukimsikiliza akiomba maji, akiyanywa, akishukuru. Kisha tik, na maiki ya sebuleni ikarudi.

Bakari ndiye aliyepata sauti kwanza. Alinigeukia. "We Salha! Hicho kisanduku chako kina nini? Kinatoa siri za watu!"

Wote walinitazama. Mwalimu pia, na macho yake yalishuka kutoka usoni kwangu hadi kwenye waya wa simu uliopita chini ya mkeka, yakabaki hapo kidogo, kisha yakarudi.

"Kimeharibika," nikasema. "Nisameheni. Sikukifunga vizuri."

"Eish, huyu mtoto," akasema Bakari, akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Na tulikuwa tunakusifia mpaka Turffontein."

Bi Mwanakombo alifariki asubuhi moja ya baridi, kabla watoto hawajaingia madrasa. Rashidi alibishana kwenye simu, lakini Mwalimu alimwambia, "Nimesikia kwa masikio yangu, na tulikuwa wengi." Walikikuta kibao cha kijani karibu na ukuta wa mawe. Akazikwa jirani na Mwajuma siku hiyohiyo, na Bakari, nilivyoambiwa, alilia bila kutoa sauti hata kidogo, mpaka watu wakadhani ni mgonjwa.

Sikuufumua ule ugeuzaji mara moja. Watoto wa madrasa walikuwa wameshaanza kuiogopa spika ya rafuni na kukataa kukaa chini yake, na mimi, niliyejua kila uzi ulikopita, nilikuwa mwoga kuliko wao. Mchana mmoja nyumba ikiwa tupu nilikibonyeza kile kifungo, nikaenda sebuleni, nikakaa kusikiliza chumba chake. Maji yalipita kwenye bomba la nje. Chuma cha kitanda kililia chenyewe kwa baridi. Nilingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini, au najua na sitaki kuandika. Hata leo nikikabidhi kazi kwa mteja, nikiwa nimehakikisha haina mvumo wowote, huwa naweka sikio kwenye spika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na wateja hudhani ni umakini.

Wale watu wa kamati ya ukumbi wa Turffontein walikuja hata hivyo, wawili, wakiwa na mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Mwalimu ndiye aliyewaleta. Waliketi mkekani, nikakifungua kisanduku mbele yao, na mmoja wao, aliyejua mambo ya umeme kidogo, aliinamia viungo vyangu kwa muda akasema, "Mashallah. Kazi safi hii." Halafu akaigusa ile rilei ya pili kwa ncha ya kalamu yake, akafuata nyuzi kwa macho, akakunja uso. Nilijua angeweza kuona. Lilikuwa suala la dakika moja tu nimwonyeshe upande huu unaingia wapi na ule unatokea wapi, na angeelewa kwamba hapakuwa na kosa lolote, kwamba kila kitu mle kilifanya kile hasa nilichokitaka. Bakari alikuwa mlangoni, ameshika kofia mkononi. Mwalimu Hamza alikuwa akitazama chini.

"Tumeambiwa kinageuza sauti," akasema mgeni. "Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

"Kwa nini?"

"Sijui," nikasema, nikafunika bati.